Kura Hatuna, Lakini Simu Tunayo

Mwezi huu tunaomba nafasi tuseme kidogo habari ya simu na siasa. Sisi si wanasiasa. Ni baba na mama tu wa watoto sita, tulitoka Fizi tukavuka ziwa, na hapa Nyarugusu ndipo mvi zimetukuta. Lakini siasa haiulizi kama wewe ni mwanasiasa. Inaingia nyumbani kupitia simu, hata uji haujaiva.

Zamani habari ilikuwa redio. Redio moja, watu ishirini chini ya mti, na betri tunazianika juani zipate nguvu. Mtu akisikia vibaya, jirani anamsahihisha palepale. Leo kila mmoja ana habari zake mfukoni na anasikiliza peke yake. Akidanganywa, nani atamwambia?

Hata hivyo hatusemi simu ni mbaya. Tunakumbuka uchaguzi wa Kongo wa Desemba 30, 2018. Watu walipiga kura kwa mashine za kugusa kwa kidole, na wengi hawakuziamini. Kesho yake serikali ikazima intaneti, na meseji nazo zikafungwa. Eti ni kuzuia matokeo ya uongo yasienee. Karibu siku 20 hivi. Je, uongo ulikoma? Jamani, ulizidi! Kila aliyefika kutoka ng'ambo alikuja na mshindi wake. Januari 10, 2019 akatangazwa Félix Tshisekedi, Martin Fayulu akakataa, na maaskofu wa Katoliki, waliokuwa na waangalizi karibu 40,000, wakasema matokeo hayalingani na waliyoyaona. Sisi tulitaka tu kuwauliza ndugu zetu, kwenye kituo chenu mliona nini? Njia ikawa ngumu. Na hapa Tanzania pia, siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa, tukakaa siku kadhaa hatujui mtoto aliye mbali ameamkaje. Maoni yetu ni haya: kuzima si dawa. Palipo giza, kila kichaka ni simba.

Lakini intaneti ikiwaka, je, sisi wenyewe tunaitumiaje? Hapa tunajisema sisi, hatumsemi mtu.

Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Uvira watu wakaanza kukimbilia Burundi. Huko Uvira yuko mdogo wake Mama na watoto wake, na simu yake haikupatikana. Usiku mmoja ikaja sauti kwenye grupu. Mwanamume anasema huku analia, ati boti imezama, akataja mtaa wa ndugu yetu, akasema hakuna aliyepona. Mwisho akasema waliofanya hivyo ni watu wa kabila fulani, na kwamba wako hata kambini, tuwaangalie vizuri. Kabila hatulitaji hapa.

Tulifanya nini? Tulilia. Tukatandika mkeka wa msiba. Na katikati ya machozi tukaituma ile sauti kwa watu wote tunaowajua, hata wale waliokwisha lala. Asubuhi majirani walikuja na kuni na unga kidogo wa mgawo wao. Alikuja pia mama mmoja wa kabila lile, jirani yetu wa miaka mingi, aliyempokea mtoto wetu wa nne mikononi siku alipozaliwa. Hatukumkaribisha. Hakuna aliyemsogezea mahali pa kukaa. Aliweka unga wake mlangoni akarudi kwake.

Siku ya tatu simu ikalia, namba ya Burundi. "Yaya, tuko wazima! Batoto bote tuko nao huku." Boti hata hawakupanda, walivuka mpaka kwa miguu. Mama aliangua kilio upya, safari hii cha furaha. Kisha tukatazamana. Tukakumbuka unga ule.

Kufuta ile sauti kwenye simu yetu ilikuwa rahisi. Kwenye simu za watu haikufutika, wiki mbili baadaye bado ilikuwa inazunguka. Kwa yule mama tulikwenda wote wawili jioni, tukaomba msamaha. Alisema, "Nimesamehe." Lakini watoto wake walichukua muda kabla ya kurudi kucheza uwanjani kwetu. Hilo linatuuma mpaka leo.

Ndugu wasomaji, katika uchaguzi wa Desemba 20, 2023, Wakongo wa nje walipiga kura katika nchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Kanada. Sisi wa kambini hatukuwemo. Tunaona si haki, kwa sababu vita vya wakubwa ndivyo vilivyotutoa kwetu, na sisi ndio tunaolipa. Lakini kura hatuna, simu tunayo, na kila tunapotuma kitu tunachagua. Tunachagua amani au tunachagua panga.

Nyumbani kwetu sasa tumeweka sheria tatu. Ya kwanza, habari ya usiku haitumwi usiku, inasubiri asubuhi. Ya pili, tunatafuta kwanza aliyeona kwa macho, au redio mbili zinazosema jambo moja. Na kwenye WhatsApp tukiona vile vimishale viwili juu ya ujumbe, tunajua umepita kwa watu wengi na mwenyewe hajulikani. Ya tatu, sauti yoyote inayotaja kabila kwa ubaya inafia kwetu, hata kama ina ukweli ndani yake. Kijana wetu alicheka mwanzoni. Siku hizi ndiye anatukumbusha, "Baba, subiri asubuhi."

Kama kuna familia yenye sheria nzuri kuliko hizi, iandike hapa mwezi ujao, nasi tujifunze.

Tunawatakia amani majumbani.

Ni sisi, Baba na Mama wa watoto sita.