Mpagazi kwa Umoja

Binti yangu anaishi Hamburg. Nilipomtembelea, alikuwa amenipangia kuona bandari na makanisa yenye minara mirefu. Nikamwomba kwanza anipeleke Jenfeld, kitongoji cha mashariki ambacho wageni hawana haja nacho. Ni mahali palipotulia: nyumba za matofali, wazee wanaotembeza mbwa, miti mingi.

Katika miaka ya 1930 jeshi la Ujerumani lilijenga kambi hapo, ikapewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyepigana Afrika Mashariki tangu 1914 hadi aliposalimu amri Novemba 1918. Leo eneo lile limejaa makazi ya watu. Lakini nyuma ya uzio zimebaki sanamu mbili kubwa za udongo wa kuchoma, zilizofinyangwa na Walter von Ruckteschell, ambaye mwenyewe alipigana chini ya jenerali huyo. Mwaka 2003 mahali hapo pakaitwa Bustani ya Tanzania. Lango hufungwa; sisi tuliingia kwa miadi.

Katika sanamu moja, Mjerumani anawaongoza askari. Katika nyingine wamo wapagazi na mizigo yao. Mbele ya hii ya pili miguu yangu iligoma kuondoka.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kijijini kwetu, karibu na Tabora, mwaka 1916, akatwishwa mzigo. Alirudi bega moja likiwa limeshuka kuliko jingine. Nyumbani hakusimulia vita ile, ila neno moja ambalo baba alinirithisha: “Tulihesabiwa asubuhi, tukahesabiwa jioni. Hakuna aliyetuuliza majina.” Katika vita ile wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Nilitafuta njaa katika nyuso zile za udongo, sikuiona. Wote wana hatua imara, kana kwamba walikwenda kwa hiari yao.

Kwa miaka mingi nilifundisha ngeli. Niliwaambia wanafunzi kwamba nomino askari haibadiliki: askari mmoja, askari elfu. Mpagazi hubadilika: mpagazi, wapagazi. Walikariri, wakafaulu mtihani, nami nikaridhika. Pale Jenfeld kanuni hiyo ilinirudia kwa sura nyingine. Lugha yetu imempa mpagazi umbo lake la umoja. Vita ndiyo iliyomnyang'anya, ikamwachia wingi tu. Na mchongaji naye akaufuata wingi huo huo.

“Baba,” binti yangu aliuliza, “babu yako ni yupi hapa?”

“Hayupo, mwanangu. Hawa ni wapagazi. Yeye alikuwa mpagazi.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtajie jina la babu. Nilishtuka kutambua kwamba sikuwahi kumwambia. Mimi mwalimu, niliyeita majina ya wanafunzi kila asubuhi, nilikuwa nimemwachia mwanangu mzee asiye na jina, sawasawa na waliomhesabu. Nikalitaja kwa sauti, yeye akalirudia mpaka akalitamka sawa.

Ndugu washairi, huenda nanyi mna mpagazi katika ukoo wenu. Kabla hamjamtungia beti, waulizeni wazee jina lake, wangali hai wa kujibu.