Nyumba ya Wageni wa Sultani

Mahali inapoanzia Barabara ya Morogoro, jijini Dar es Salaam, karibu na gati la boti za Zanzibar, ipo nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe inayotazama bandari. Wengi huipita mbio wakiwahi boti, wakidhani ni ofisi ya serikali iliyochakaa. Jina lake ni Boma la Kale. Sisi wa Kwala, ambao tukishatoka Vigwaza barabara hiyohiyo ndiyo hutufikisha mjini, tuliona inafaa kuitembelea pamoja na vijana wa madrasa.

Nyumba hiyo haikujengwa iwe boma. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliijenga mnamo mwaka 1867 ili walale humo wageni wa kasri lake. Jirani palikuwa na kijiji cha Mzizima, naye alikusudia kusimamisha hapo mji mpya wa biashara, akaupa jina la amani. Miongoni mwa waliobeba mawe ya mji huo wa amani walikuwamo watumwa; si haki kulisema jina bila ya kuwataja. Mwaka 1870 Majid alifariki, na ndugu yake, Sayyid Barghash, hakuuendeleza mradi. Kasri likaporomoka hadi likatoweka. Nyumba ya mwenyeji imepotea, ya mgeni ipo hadi leo, subhanallah.

Ukiingia ndani unausahau mtaa. Kuta ni nene, joto linabaki nje, na milango ni ya kuchongwa kwa mtindo wa Zanzibar. Vyumba vya majengo ya namna hii ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Fundi hakuweza kutamani ukumbi mpana kuliko mti aliopewa na pwani.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaifanya nyumba hiyo mahali pa utawala. Wageni wao walipata hoteli ya Kaiserhof, iliyojengwa mwaka 1906, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bomani. Baadaye iliitwa New Africa. Jengo lile la mwanzo lilibomolewa, na hoteli yenye jina hilo leo imo katika jengo jipya. Boma lilikarabatiwa, na mwaka 2017 kikafunguliwa humo kituo cha urithi wa majengo ya jiji.

Sasa wageni wanakuja Kwala. Bandari kavu inapokea makontena kutoka bandari ileile inayotazamwa na Boma, na madereva wa malori wamezidi. Baadhi yao huswali Isha nasi, kisha hujinyoosha barazani mwa msikiti hadi Alfajiri. Kamati inayo sehemu moja tu ya kiwanja iliyobaki. Wapo wanaotaka fremu za maduka ili kodi yake ilipe umeme na posho ya ustadhi. Hoja hiyo ni nzito, nasi tunaoshika daftari la mapato tunaujua uzito wake. Hata hivyo, tunapendelea vyumba viwili vya msafiri, vyenye kuta nene na choo safi, kabla bei ya matofali haijapanda tena.

Kikao kitafanyika baada ya swala ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Kina mama pia wanaombwa wahudhurie.