Kukaimu Siku 84

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu wa ofisini ni moja tu: "Dada, mimi nitapandishwa lini?" Huwa nawajibu kwa swali ambalo wengi hawalipendi. Hiyo kazi uliyonayo, ukiondoka kesho, nani atapata shida?

Mimi nilianza na usahihishaji. Gazeti likitoka safi hakuna anayekusifu, jina la mtu likikosewa simu zinaita mpaka jioni. Mume wangu, wakati huo mchumba, aliniuliza kila mwisho wa mwezi kama kweli nilisomea digrii ya mawasiliano ili nikawinde koma. Kodi ya chumba inadai, wenzangu wa chuo tayari ni maofisa uhusiano. Iliniuma, sikufichi.

Ila nilikuwa na daftari. Humo niliandika makosa yanayojirudia, mwandishi kwa mwandishi: huyu hukosea majina, yule hesabu haziendi. Nikajua pia wachapaji wanataka kurasa saa ngapi, na ukichelewa nini kinatokea. Hakuna aliyenituma.

Ndipo mhariri msaidizi akaenda kujifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo (akipata mapacha ni 100), na siku hizo zote lazima kiti kiwe na mtu. Bosi hakutangaza nafasi wala kufanya usaili. Alisimama mezani kwangu akauliza, "Kurasa za Alhamisi utaziweza?" Ningeshindwaje, wakati nilikuwa nazisoma kila wiki kabla ya mtu mwingine yeyote? Daftari nikamwachia kijana aliyeshika meza yangu. Bila hivyo, nina hakika bosi asingethubutu kunitoa pale. Posho ya kukaimu nayo ilichelewa mno, lakini hiyo ni mada ya mwezi mwingine.

Mary Barra aliingia General Motors mwaka 1980 akiwa mwanafunzi wa miaka 18, akikagua vipande vya bodi za magari kiwandani. Alikuja kuwa mkurugenzi mkuu mwaka 2014. Miaka 34 jamani! Sikwambii usubiri kiasi hicho. Na kujituma si kumbebea bosi mkoba, wala kufanya kazi za ofisi nzima huku wenzako wako chai. Zipo ofisi zitakazokung'ang'ania palepale kwa sababu tu unawafaa.

Mwenye kiti aliporudi, nami nilirudi kwenye koma zangu. Baada ya miezi michache niliitwa usaili kwingine, wakaniuliza kama nimewahi kusimamia kurasa mwenyewe. Nikawaeleza siku 84, toleo kwa toleo. Jioni ile mchumba hakuuliza habari za koma. Aliuliza naanza lini.