Funzi yanifunza kuwa mtu ni watu

UKITOKA Ukunda kwa matatu kuelekea Lungalunga, utapita Msambweni kisha ukate kushoto hadi kijiji cha Bodo. Hapo barabara humalizikia baharini. Ng'ambo, nyuma ya misitu ya mikoko, ndiko kiliko kisiwa cha Funzi.

Nilikwenda huko na kamera yangu kutafuta pomboo na mamba wa Mto Ramisi. Lakini moyoni nilikuwa na langu. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiamka, nikienda kazini na kurudi kulala bila kujua ninahangaikia nini.

Siku ya kurudi, maji yalikuwa yamekupwa na mashua yetu imelala matopeni. Nikiwa katika kunung'unika kwamba nimechelewa, walitokea wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba. Juu yake alilala mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu. Hospitali iko Msambweni.

Nahodha hakuuliza nauli. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliziacha na kuingia topeni. Mzee mmoja alinitazama, nami nimeshika kamera.

"Mwanangu, picha itangoja," akasema. "Shika hapa usukume."

Nilikunja suruali. Tulisukuma, tukateleza, tukasukuma tena hadi mashua ikaelea. Huko Bodo gari lilikuwa tayari.

Jioni nahodha alipigiwa simu: mama na mtoto walikuwa salama. Sikujua jina la mama yule, wala yeye hakujua langu. Hata hivyo, usiku huo nililala fofofo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu.

Kesho yake nilipitia Gazi, kaskazini mwa Msambweni. Tangu mwaka wa 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakitunza hekta 117 za mikoko katika mradi uitwao Mikoko Pamoja. Miti hiyo hufyonza hewa ya kaboni, na malipo yanayotokana na kazi hiyo yamesaidia kuleta maji ya mfereji na vitabu shuleni. Apandaye mche leo hajui ni mtoto wa nani atakayesoma kitabu hicho, lakini anapanda.

Wahenga walinena: tenda wema nenda zako. Zamani nilidhani methali hiyo yamfaa anayesaidiwa peke yake. Funzi ilinionyesha kwamba hata mtendaji huenda zake akiwa mwepesi zaidi.

Je, msomaji, nawe unajiuliza unaishi kwa ajili gani? Chungulia kwa jirani. Huenda mashua yake imekwama.