Siku Tatu Shela, na Usiku Mmoja Takwa

Ndugu msomaji, kupumzika ni haki ya mwili, na mwenye kuutumikisha mwili wake mwaka mzima bila ya kuupa nafasi, mwisho huona umemgomea. Hayo twayajua sote. Lakini ni wachache katika sisi wanaokaa wakafikiri kwamba mapumziko ya mtu mmoja aghalabu hubebwa na mikono ya mtu mwengine. Nami nilikuwa katika hao wasiofikiri, mpaka nilipokwenda kisiwani Lamu pamoja na rafiki zangu watatu.

Sisi wanne tulisoma chuo kimoja tulipokuwa watoto Mombasa. Mmoja leo ni mwalimu, wa pili fundi wa umeme, wa tatu ana duka la vitambaa, na mimi ni karani. Kila mwaka tulikuwa tukisema, "Safari hii hatuna budi kwenda pahali tukapumzike," na kila mwaka hapakosekani udhuru: mara harusi, mara karo za watoto, mara maradhi. Hatimaye tulikata shauri, tukachanga nauli, na kwa kuwa mafunzo yetu yawataka wasafiri wamweke mmoja wao kuwa kiongozi, wenzangu walinichagua mimi. Nilicheka nikakubali, wala sikujua ya mbele.

NJIA NA MJI

Tuliondoka Mombasa kwa basi baada ya sala ya alfajiri, tukapita Malindi, tukavuka mto Tana huko Garsen, tukapita Witu, hata alasiri tukafika Mokowe, ambako ndiko mwisho wa njia ya gari. Hapo hushuka kila mtu akaingia botini. Mwenye kupenda kwenda kwa ndege hushukia kisiwa cha Manda, naye pia hana budi kuvuka maji. Kwani Lamu haifikiwi na mtu ila kwa chombo.

Mji wa Lamu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na njia zake ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja humlazimu kungoja. Magari hayapiti humo. Mwaka 2001 mji huu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, nao wahesabiwa kuwa mji wa Waswahili wa zamani uliohifadhika kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Tuliitazama ngome yake, iliyomalizwa mwaka 1821 na ikawa gereza mpaka mwaka 1984. Tukauzuru msikiti wa Riyadha, wa Habib Swaleh, ambao kwa maulidi yake watu hutoka nchi nyingi kuja Lamu. Kisha tukashika njia ya pwani, mwendo wa kama kilomita tatu, tukafika Shela.

MAJI YALIYO CHINI YA MCHANGA

Shela ni kijiji kilicho kwenye ncha ya kisiwa, na kutoka hapo waanza ufuo wa mchanga mweupe wenye urefu wa kama kilomita kumi na mbili. Asubuhi tulitembea humo mpaka miguu ikachoka, tukaoga baharini, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukalala usingizi wa mchana ambao mjini hatukuujua tangu miaka. Mwenzetu wa duka, ambaye simu yake haikuwa ikitoka mkononi, siku ya pili aliiacha chumbani, wala hakuna aliyemkumbusha.

Nyuma ya ufuo huo vipo vilima virefu vya mchanga. Mgeni huviona kuwa ni pambo tu, pahali pa kupanda ili kulitazama jua likichwa. Lakini vilima hivyo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Mvua inyeshapo, mchanga huyameza maji na kuyachuja, nayo hutulia chini yakielea juu ya maji ya chumvi, kwani maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Watu wakichimba visima huyapata. Lakini yakivutwa kupita kiasi, au vilima vikijengwa majumba, maji ya chumvi hupanda, na kisima kikisha kuingia chumvi si rahisi kukirudisha. Kwa ajili hii wenyeji wengi hawafurahi waonapo mtu anaanza kupima kiwanja juu ya vilima hivyo, hata akiwa na fedha namna gani.

Mzee mmoja nahodha, ambaye tulipatana naye atupeleke Manda, ndiye aliyetueleza khabari hii. Alitwambia, "Wanangu, kesho nitawaonyesha mji uliokosa maji. Mkisha kuuona, mtaijua thamani ya mchanga huu."

TAKWA

Siku ya tatu, nayo ilikuwa Alkhamisi, tuliingia mashuani kwake. Chombo kilikuwa na tanga na mashine ndogo, na baharia wake alikuwa mpwa wake, kijana wa miaka kumi na minane hivi. Tulivuka mkondo ulio baina ya Lamu na Manda, kisha tukaingia katika mkono wa bahari unaopenya baina ya mikoko. Maji yalikuwa yakijaa, mikoko imesimama ndani yake kuku kuku kama watu waliokunja nguo, na ndege weupe wametua juu yake. Palikuwa kimya hata tukawa tunasema kwa sauti ya chini bila ya kuambiwa.

Tulipofika mwisho wa mkono ule mzee alisema, "Maji yatajaa saa saba. Saa nane na nusu niwaone hapa chomboni. Mkizidi hapo, mkono huu hauna maji, una tope." Mimi, kiongozi, nilijibu, "Inshallah."

Takwa ulikuwa mji wa Waislamu uliositawi baina ya karne ya 15 na ya 17. Ukuta wake ungalipo, na magofu ya nyumba zake, na msikiti wake mkubwa ambao juu ya ukuta wa kibla umesimamishwa nguzo, jambo lisiloonekana katika misikiti mingi. Nje ya ukuta lipo kaburi lenye nguzo, na juu yake umeandikwa mwaka 1094 wa Hijra, yaani kama mwaka 1683. Husemwa kwamba watu waliuhama mji huu kwa sababu visima vyake viliingia chumvi, wakavuka kwenda kukaa Shela. Na watu wa Shela walikuwa na desturi ya kuja kwenye kaburi hilo kumwomba Mungu mvua. Tulisimama ndani ya msikiti ule usio na dari, na mwalimu akasema, "Hapa waliketi watu kama sisi, wakingoja adhana." Hakuna aliyemjibu.

Upande wa pili wa magofu, mwendo mfupi tu, iko bahari kuu. Tulikwenda kuitazama, tukasema tutakaa kidogo. Tukasali adhuhuri na alasiri pamoja kama wafanyavyo wasafiri, tukaoga, tukajilaza chini ya kivuli, tukaanza kukumbushana mambo ya chuoni: nani alipigwa, nani alitoroka, nani aliiba maembe ya maalim. Tulicheka hata machozi yakatutoka. Fundi aliniuliza mara mbili, "Saa ngapi?" nami mara mbili nikamwambia, "Bado." Saa nilikuwa nimeivua, nimeiweka ndani ya kiatu.

Tuliporudi chomboni ilikuwa yakaribia saa kumi. Mashua ilikuwa imekaa juu ya tope, imeinama ubavu. Palipokuwa na maji palikuwa na mizizi ya mikoko na kaa wakikimbia.

USIKU MASHUANI

Nilitazamia mzee atatugombeza. Hakutugombeza. Alinitazama, akasema, "Haya, ketini. Maji yatapwa mpaka saa moja, kisha yatarudi. Saa tano hivi tutaondoka." Akaongeza kwa kutaniana, "Hamkuwa wa kwanza. Kama mwaka 1813 jeshi la Mombasa na Pate lilikuja Shela kuipiga Lamu, likashindwa. Na wazee wetu wasimulia kwamba lilipokimbilia vyombo vyake lilikuta maji yamekupwa." Tulicheka, lakini cheko letu lilikuwa dogo.

Maji yetu ya kunywa tulikuwa tumeyamaliza ufuoni. Mzee alikuwa na dumu la lita tano, na maji yake hayakufika nusu. Alitupa bila ya kuombwa. Joto lilikuwa kali, upepo umezuiliwa na mikoko, tukanywa, na tukampa na yule kijana. Mzee tulipomkaribisha alisema, "Nyinyi kunyweni." Nasi tukanywa.

Kabla ya jua kuchwa alijitenga upande wa tezi akapiga simu. Hatukuwa tukisikiliza kwa kusudi, lakini mashua si nyumba yenye vyumba. Nilimsikia akisema, "Mwambie asiningoje. Mpe ale, alale." Nikamwuliza kijana kwa sauti ya chini ni nani asiyengojwa. Akasema kwamba mzee ana mjukuu wa kike, wa miaka sita, aliyekuja kutoka Faza kukaa naye siku mbili, na asubuhi na mapema atarudi kwao. Usiku huo ndio waliokuwa wameahidiana kufuturu pamoja.

"Kufuturu?" nikauliza.

Kijana alinitazama kama mtu ashangaaye. "Leo si Alkhamisi?"

Jua lilipokuchwa mzee alifungua kitambaa akatoa tende tatu. Akaomba kikombe. Mwalimu alilishika dumu akaliinamisha, na yaliyotoka hayakujaza kikombe kimoja. Mzee alisema bismillahi, akala tende, akanywa nusu, na nusu iliyobaki akampa mpwa wake. Hakuna hata mmoja katika sisi aliyeweza kuinua uso. Tulikuwa tumeyanywa maji ya mtu aliyefunga, mbele ya macho yake, naye anatukaribisha.

Tukasali maghribi juu ya chombo kilichoinama, yeye akiwa imamu. Na wakati wa isha ulipoingia alitusalisha tena, nasi tuliokuwa tukipunguza sala tangu tulipofika tukaikamilisha nyuma yake, kwani yeye ni mwenyeji na wala hakuwa safarini. Sisi ndio tuliokuwa tumemfanya alale nje ya nyumba yake.

Baadaye nilimsogelea nikamwomba radhi. Nilisema, "Mzee wangu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepewa saa." Akanijibu, "Nimekusamehe, na mimi Mungu anisamehe. Lakini sikiliza, mwanangu. Wageni wengi huja hapa kupumzika, nasi twafurahi, kwa kuwa ndiyo riziki yetu. Ila wako wanaodhani kwamba wakishapumzika wao, basi na bahari pia imepumzika." Hakusema zaidi. Akalala juu ya tanga lililokunjwa.

Maji yalirudi kama alivyosema. Kwanza tulisikia sauti ndogo chini ya mikoko, kisha mashua ikatikisika, ikainuka polepole. Mwezi ulikuwa na siku kumi na moja, waangaza kila kitu. Kijana alitia upondo, akasukuma, nasi tulioketi bila ya kazi tangu alasiri tukateremka na kusukuma pamoja naye, tope mpaka magotini. Shela tulifika nusu ya usiku. Tulitaka kumlipa mara mbili. Alipokea ile tuliyopatana, akasema, "Mkitaka kuzidisha, mzidishieni kijana, yeye ndiye aliyesukuma." Tukafanya hivyo.

ALFAJIRI

Kesho yake tulikwenda msikitini kwa sala ya alfajiri. Tulipotoka tulimwona mzee akishuka gatini, amembeba mtoto begani. Mtoto amelala. Mama yake alikuwa mbele na kifurushi. Mzee alimpa mama mtoto wake ndani ya boti, akasimama kuitazama mpaka ikapita, kisha akageuka, akatuona, akatuamkia kwa salamu kana kwamba hatukumdhulumu kitu. Nyumbani tulikofikia nilikunywa maji ya kisima cha Shela, na kwa mara ya kwanza nilijua ninakunywa nini.

Wahenga wetu walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana ya maneno haya ni kwamba mgeni akifika, hata mwenyeji hupata nafuu. Sisi tulifika, na mwenyeji akakosa futari yake na mjukuu wake.

Basi wewe kijana unayekusudia kwenda visiwani na rafiki zako, nenda, kwani nchi ya Mungu ni pana na uzuri wake haukatazwi. Lakini uliza maji yajaa saa ngapi na yapwa saa ngapi. Chukua maji yako ya kunywa, na yazidi kiasi chako. Vaa nguo zisizowaaibisha wenye mji. Usiondoke na jiwe katika magofu, wala usisifu nyumba iliyojengwa juu ya vilima vya mchanga. Na ukipewa uongozi wa wenzako, hata kama ni kwa mzaha, basi saa yako isitoke mkononi. Nahodha akikwambia saa nane na nusu, jua kwamba nyuma ya maneno yake wako watu wanaomngoja, ambao wewe huwaoni.

Wenzangu wamenichagua tena kuwa kiongozi wa safari ya mwakani. Walisema, "Wewe sasa hutachelewa." Nimekubali, na nimeahidi jambo moja: tukifika Shela, kazi ya kwanza itakuwa kumtafuta mzee yule, na kumwuliza mjukuu wake atakuja lini, ili siku hiyo tusimwombe chombo.

Wa billahi ttawfiq.