Katumani ya bibi

Wiki iliyopita nilikuwa Tukuyu kwa bibi, ndiyo maana nikawa kimya hapa. Tumekaa jikoni, akanikumbusha mahindi "yako". Mpaka leo anayaita hivyo, yangu.

Basi bwana, mwaka 2022 nilikuwa Dodoma kikazi, nikaandika habari ya mahindi ya muda mfupi yanayokomaa kabla mvua haijakata. Habari ikaniingia mwenyewe. Novemba nikapanda basi na kilo nne za Katumani kwenye begi, zawadi ya bibi.

Bibi alizoea mahindi yake marefu, yanayokaa shambani hadi Juni. Akashika punje mkononi, akauliza yanakomaa lini. Nikajibu kwa fahari: miezi mitatu, minne hivi.

"Machi, Aprili? Sasa mjukuu wangu, nitayaanika wapi?"

Nikacheka. Mwandishi wa habari mzima, nimesoma, nikacheka! Akapanda karibu nusu eka, nadhani kwa sababu tu ni mimi niliyeleta.

Februari inaisha, bibi ana mahindi ya kuchoma wakati majirani bado wanapalilia. Akauza barabarani, akanipigia simu kunishukuru. Nilitembea nikiwa na kichwa kikubwa wiki nzima.

Halafu ikaja Aprili. Anayeijua Tukuyu anajua Aprili ni nini. Mji unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na huo ndio mwezi wenyewe. Magunzi yamesimama wima, maganda yameachia kwenye ncha, maji yanaingia kama kwenye kikombe. Nilipofika Pasaka nilikuta punje zimeota zikiwa kwenye gunzi, nyingine zina ukungu mweupe, nyingine wa rangi ya waridi. Mahindi ya majirani yalikuwa bado mabichi, yanainywa mvua ile ile bila wasiwasi.

Bibi alitaka kuchambua, mabaya yaende kwenye pombe. Mimi nilikuwa najua habari ya sumukuvu, jinsi mwaka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye ukungu. Nikakataa. Tulimwaga debe kumi na moja shimoni, na bibi hakusema neno. Ni afadhali angenigombeza.

Baadaye ndipo nikajisumbua kusoma, kazi niliyotakiwa kuifanya kabla ya kupanda basi. Katumani ni kituo cha utafiti Machakos, Kenya. Kiko kwenye mita 1,600 hivi, karibu mwinuko ule ule wa Tukuyu, kwa hiyo si suala la baridi wala mlima. Ila Machakos mvua huja mara mbili kwa mwaka, kidogo kidogo, na inakata mapema. Mahindi yale yalichaguliwa miaka ya 1960 ili yakimbie, yamalize kabla ardhi haijakauka. Yakija kwetu yanakimbia vile vile, yanafika katikati ya mafuriko. Mbegu haikukosea, ilifanya kile ilichofundishwa.

Tena si lazima kwenda Kenya. Uyole, pale wanapofanyia utafiti wa mbegu za nyanda zetu za juu, ni mwendo mfupi tu kwa basi, lakini mvua yake haifiki nusu ya yetu. Shuka Kyela, ziwani, joto lingine kabisa. Pakiti ikiandikwa "nyanda za juu kusini", mimi sasa nauliza: nyanda ipi, na inakomaa mwezi gani?

Cha kuchekesha, bibi hakuitupa Katumani. Alibakiza mbegu kidogo, na kila msimu anapanda mistari mitatu karibu na nyumba, ya kuchoma na kuuza barabarani. Ya ghalani ni yale marefu.

Safari hii nilipoingia alitazama begi langu kwanza.

"Umeleta nini?"

Sukari, bibi. Sukari na sabuni.