Bangi ya Babu na Tumbaku ya Bwana Shamba

Kabla ya mwaka 1974 sisi hatukuwa watu wa kando ya barabara. Familia yetu iliishi ndani ya miombo, kaya moja hapa na nyingine kule, tukiwa na mbung'o wengi kuliko ng'ombe. Rungwa, kijiji cha barabarani, tulikuja kununua chumvi na kuangalia malori yanayotoka Itigi kwenda Chunya. Babu mzaa mama alikuwa mrina asali. Nyuma ya ghala lake la mtama palikuwa na mashina machache ya bangi, yamesimama pamoja na mbarika na tumbaku ya ugoro wa bibi. Hakuyaficha, wala hakuna aliyeona sababu ya kuyaficha. Nilipoumwa sikio, bibi alikamua jani bichi akanitonesha, kisha akaendelea kupepeta mtama.

Nayaandika haya kwa sababu wajukuu wangu wanadhani bangi iliingia Rungwa juzi, na kwamba wazee wa zamani hawakuijua. Waliijua sana. Ndiyo maana waliiwekea masharti.

Babu na wenzake walivuta kwa kibuyu chenye maji, kilichochomekwa tete na kuwekewa juu chungu kidogo cha udongo. Walivuta jioni, hasa kambini wakati wa kurina, na walivuta pamoja. Kijana ambaye hajaoa hakukaribia kikao kile. Hata aliyeoa alisubiri mpaka watoto wake wawe wanachunga. Aliyevuta peke yake, au aliyevuta mchana, alisemwa waziwazi. Namkumbuka bibi akimwambia shemeji yake mbele yetu sisi watoto: "Shemeji, jua halijafika utosini nasi tumeshakusikia ukikohoa. Shamba lako atakulimia nani?" Mzee mzima yule hakujibu neno. Aliinuka akachukua jembe.

Masharti hayo yalikuwa na chanzo, na babu alitusimulia. Nchi yetu ya Ukimbu iliwahi kutawaliwa na Nyungu-ya-Mawe, mtu wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe aliyeingia na ruga-ruga wake, yaani askari wake wa vita, miaka ya 1870, akajenga himaya na kuitawala mpaka alipofariki mwaka 1884 na kiti kushikwa na mwanamke, Mtemi Mgalula. Padre Aylward Shorter wa Mapadre Weupe, aliyezunguka Ukimbu miaka ya 1960 akiwahoji wazee, aliandika mengi juu ya utawala ule. Babu yeye alichotaka tukijue ni kwamba ruga-ruga walikuwa vijana, wengi hawana kwao, na walivutishwa bangi kabla ya kushambulia. Hakusimulia kwa fahari. Vijiji walivyochoma vilikuwa vya Wakimbu. "Kijana tayari hana hofu," alisema. "Ukimwondolea na ile kidogo aliyo nayo, atakuua wewe uliyempa."

Mwaka 1974 ilipokuja Operesheni Vijiji, ya kuwakusanya watu vijijini, tulihamishiwa barabarani, Rungwa. Nyumba zilipangwa kwa mstari, na majirani walikuwa watu ambao hatukuwajua baba zao. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Babu alibeba mbegu zake kwenye kibuyu, mtama na tumbaku na bangi, akazipanda nyuma ya nyumba mpya kama alivyopanda maisha yake yote.

Walimjia mwaka 1977, mwaka ule TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM. Lilikuwa Land Rover lenye askari wawili vijana na mgambo mmoja. Wa kwanza kushuka alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibuni." Mama alikwishatoa vigoda na asali kwenye sahani.

"Mzee, huu mmea hapa ni nini?"

"Bangi."

"Unajua kwamba ni kosa?"

Babu alifikiri kwanza. Hakuwa akibishana. Alitaka kujua. "Nimemkosea nani, baba?"

Askari hakuwa na jibu, na simlaumu, alikuwa mtoto kwa babu. Sheria ya kukataza bangi ilikuwapo tangu enzi za Waingereza, na mwaka 1961 mataifa yaliandikiana mkataba ulioiweka bangi pamoja na heroini. Sisi huko msituni hatukuwa tumeisikia, maana sheria husafiri kwa barabara, na barabara ndiyo kwanza tulikuwa tumeifikia. Waliyang'oa mashina, wakayafunga kwa kamba ya mzinga, wakampandisha babu nyuma pamoja nayo. Bibi alikimbia kando ya gari akimpa blanketi. Watoto wa nyumba za jirani walishangilia, kwa kuwa shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba mvuta bangi ni mhuni, na sasa walikuwa wamemwona mhuni. Babu yangu, ambaye watu walimwachia asali yao aigawe kwa kuwa mkono wake haukupendelea!

Alikaa gerezani miezi kadhaa. Aliporudi hakwenda tena kurina. Mizinga yake ya magome ilibaki juu ya miti mpaka ikaoza, na yeye alishinda amekaa upande wa nyumba usioonekana kutoka barabarani. Bibi alisema kilichomvunja ni kelele zile za watoto. Gereza alilistahimili.

Muda si mrefu niliolewa, tukahamia upande wa Chunya kulima tumbaku. Huko bwana shamba alikuja na miche, mbolea ya mkopo na maneno mazuri. Tulilima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwenye mabani kwa kuni usiku na mchana, na kuni hizo zilikuwa miombo ileile iliyobeba mizinga. Asubuhi zenye umande watoto waliochuma majani mabichi walirudi wakitapika, vichwa vikiwauma, wengine wakitetemeka. Leo madaktari wanaeleza wazi kwamba nikotini huingia mwilini kupitia ngozi iliyolowa. Sisi tuliwanywesha uji na kesho yake tukawarudisha shambani. Hakuna aliyefungwa. Mkulima aliyevuna kilo nyingi alipewa mkono na wakubwa.

Hata pombe ilikuwa hivyohivyo. Tangu mwaka 1966 kuna sheria inayokataza kutengeneza moshi, yaani gongo, bila leseni. Namjua mjane aliyemwagiwa mtungi wake mara kwa mara, naye alipika ili mtoto amalize shule. Dukani, hatua chache kutoka kwake, Konyagi ya kiwandani ilikaa rafuni. Gongo inaweza kupofusha na kuua, nami sitamwambia mtu yeyote ainywe. Lakini sikuona mtu akipimwa kwa madhara aliyoleta. Niliona watu wakipimwa kwa karatasi ya leseni, na karatasi haikuwafikia watu wa kwetu.

Sasa niseme la binamu yangu, maana nikiliruka nitakuwa nimewadanganya wajukuu. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi akiwa bado hajaota ndevu. Huko hapakuwa na shemeji wala bibi wa kumsema. Alivuta asubuhi, alivuta peke yake, na gongo juu yake. Alirudi anasikia sauti, anakataa chakula cha mama yake akisema kina sumu. Kijiji kilishatoa hukumu: bangi, apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Tulimpandisha lori hadi Itigi, tukachukua treni ya kwenda Dodoma, mimi na shangazi, mama yake, tumemkalisha katikati.

Pale Mirembe daktari aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza. "Mama, katika ukoo wenu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi?" Shangazi alinyamaza, kisha akamtaja kaka yake, ambaye hakuwahi kuvuta kitu. Daktari alitueleza bila kutukaripia kwamba bangi si sababu ya kila ugonjwa wa akili, lakini anayeanza mapema na kuvuta sana hujiongezea hatari, hasa akiwa ametoka katika ukoo wenye ugonjwa huo. Kijana kama huyu, alisema, ndiye asiyepaswa kuigusa kabisa. Nilimkumbuka babu na kikao chake kisichoruhusu vijana. Daktari yule na babu wangeelewana.

Bangi haikutoweka Rungwa baada ya mashina yale kung'olewa. Iliacha kuwa ya wazee ikawa ya pesa. Ilishuka kutoka kwenye malori kwa magunia, ikauzwa kwa misokoto iliyofungwa karatasi za daftari, na muuzaji hakuuliza umri. Mwaka 2015 ilitungwa sheria kali zaidi, na redioni nasikia vifungo vya miaka 30. Wakati huohuo, tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili wanawapa methadoni walionaswa na heroini, kama wagonjwa wengine. Nililisikia hili kwa furaha kubwa. Viroba vya pombe kali navyo vilipigwa marufuku Machi 2017, baada ya watoto wengi kuvifungua kwa meno.

Hivi karibuni mkutano wa kijiji uliletewa kijana aliyekutwa na msokoto. Baba yake mwenyewe alitaka apelekwe polisi. Nilisimama nikauliza ni nani kati ya wanaume waliokaa pale aliyewahi kuzungumza na mtoto huyu jioni hata moja, na ni nani aliyemuuzia. Swali la kwanza halikujibiwa. Kwa la pili watu walitazamana, maana muuzaji alikuwa amekaa nao pale kwenye benchi. Aliyemtaja kwa jina, kwa sauti ya kusikika na wote, ni kijana mwenyewe.